Kanuni za Benki Zabadilika, Mfanyakazi Abaki Dirishani

Katika kurasa hizi tumezoea kuandika habari za mishahara, za mizani ya chai na za zahanati za kambi zisizokuwa na dawa. Safari hii tunaandika habari za benki. Baadhi yenu mtasema kwamba benki ni mambo ya matajiri. Sisi pia tulisema hivyo, mpaka siku tulipokaa na maiti ya mwenzetu huku fedha zetu wenyewe zikiwa zimefungwa ndani ya kipande cha karatasi.

Tawi letu liko magharibi ya Uganda, katika mashamba ya chai upande wa Fort Portal. Watu wetu wametoka Kigezi, West Nile, Rwanda, Kongo na hapo hapo Toro, ndiyo maana mikutano yetu huendeshwa kwa Kiswahili, ingawa Kiswahili chenyewe kila mtu anacho cha kwao. Wazee wetu wanakumbuka mshahara ulivyokuwa ukilipwa zamani. Meza iliwekwa chini ya mti, karani alifungua sanduku, mnyapara akaita majina, mtu akabonyeza kidole gumba kwenye wino na kupokea noti zake mkononi. Kulikuwa na wizi katika utaratibu ule, hatukatai. Karani aliweza kumlipa marehemu miezi mitatu. Lakini kila mtu aliona fedha zake kwa macho, na kama zimepungua aligomba pale pale mezani.

Baadaye tajiri alisema njia zimekuwa na majambazi, na hilo lilikuwa kweli. Fedha zikahamia benki. Tukafungua akaunti ya tawi, tukafungua na ya ushirika wetu wa akiba na mikopo. Tajiri akawa anakata akiba ya kila mwanachama katika mshahara na kutuandikia hundi moja kwa mwezi. Mweka hazina wetu huipeleka mjini, huiweka benki, na baada ya siku chache fedha zinaonekana katika akaunti. Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda hivyo, tukazoea.

Mwaka 2016 tulifanya kampeni ya kuwaingiza wafanyakazi wa kiwandani katika ushirika, maana hapo kabla wengi walikuwa wachumaji tu. Kampeni ilifanikiwa kuliko tulivyotegemea. Mwezi wa tano tulikuwa wanachama 780, kila mmoja akikatwa shilingi 25,000, na hundi ilikuwa ya shilingi 19,500,000. Mwezi wa sita tulifika 900, na hundi ikaandikwa shilingi 22,500,000. Tulifurahi. Mweka hazina aliizungusha hundi ile mezani ili kila mjumbe aione.

Aliiweka benki siku ya Jumanne. Alhamisi usiku alifariki mwenzetu mmoja, fundi wa boila, mtu aliyefanya kazi kiwandani kwa miaka mingi. Kwao ni ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, upande wa Kongo, na mke wake akasema lazima alale kwao. Gari la kumpeleka, sanduku, karatasi za mpakani na chakula cha wasindikizaji, tulihesabu yote tukaona hatuwezi kufanya kwa chini ya shilingi 600,000. Katika akaunti ya ushirika hakukuwa na kitu cha maana, kwa sababu muhula wa shule ulikuwa umeanza na mikopo ya karo ilikuwa imekwisha kutoka. Hatukuwa na wasiwasi. Tulijua hundi ya Jumanne itakuwa imeiva.

Ijumaa asubuhi mweka hazina alifika dirishani. Karani aliangalia kitabu chake, akainuka, akaenda ndani, akarudi na hundi yetu mkononi, ile ile. Haikuwa imekwenda popote. Alisema imezidi kikomo. Benki Kuu ilikuwa imeweka kikomo cha shilingi milioni 20 kwa hundi inayotoka benki moja kwenda nyingine, na yetu ilikuwa ya milioni 22 na nusu. Mweka hazina aliuliza kwa nini hakuambiwa Jumanne. Karani aliyepokea Jumanne hakuwepo siku hiyo. Aliuliza kwa nini hawakupiga simu. Akaambiwa wao hawana kawaida ya kupiga simu.

Tazameni jambo hili, ndugu zetu. Miaka yote tuliyokuwa wachache kanuni hiyo haikutugusa, na wala hatukujua kwamba ipo. Siku tulipokua ndipo tulipokataliwa.

Tulikimbia ofisi ya tajiri. Mhasibu wake alikuwa amekwenda Kampala, na bila yeye hakuna hundi nyingine. Maiti ilikuwa chumba cha hospitali, nako kulala kuna gharama yake kwa kila siku. Mjane alikuwa amekaa uwanjani kwa jirani na watoto wake, akituuliza kwa upole gari linakuja saa ngapi. Jumamosi jioni tulikwenda kwa mwenye duka la kambini, tukakopa shilingi 600,000 kwa ahadi ya kurudisha 720,000 mwisho wa mwezi. Hatulaumu sana duka lile. Lilikuwa la pekee lililofungua mlango. Jumapili gari liliondoka kupitia Kasese, na Jumatatu mwenzetu alizikwa.

Jumanne mhasibu alirudi, akaandika hundi mbili, moja ya milioni 12 na nyingine ya milioni 10 na nusu. Benki ilizikataa zote mbili. Walisema kuigawa hundi moja mara mbili ni kuikwepa kanuni, na kwamba fedha za namna hiyo lazima zihamishwe moja kwa moja kutoka akaunti hadi akaunti kwa mtambo wa Benki Kuu. Mhasibu akajaza fomu nyingine siku ya Jumatano, na jioni ile ile fedha zikaingia. Siku moja tu! Lakini zilipoingia zilikuwa zimepungua, kwa kuwa ada ya kuzihamisha ilitolewa katika akiba ya wanachama. Tajiri alisema fedha ni zenu, safari ni yenu, basi na nauli ni yenu.

Katika kikao cha tawi kilichofuata maneno yalikuwa makali. Wengine walitaka turudie sanduku chini ya mti. Wengine walisema mweka hazina amekula fedha na habari ya kikomo ni hadithi. Ilibidi twende benki watu watano, tukakae na meneja mpaka atueleze kwa lugha ya kueleweka. Tunaandika hapa tuliyoelewa, maana tumeona kwamba matawi mengi hayajui.

Ukiweka hundi ya benki nyingine, benki yako haikupi fedha kwa sababu haijazipata. Inaipeleka hundi mahali ambapo mabenki hukutana kubadilishana hundi chini ya Benki Kuu, na benki ya aliyeandika inaangalia kama saini ni yake na kama fedha zipo. Zamani karatasi yenyewe ilisafirishwa kwa gari, ndiyo sababu hundi ya mashambani ilichukua siku nyingi kuliko ya mjini. Siku hizi hupelekwa picha ya hundi na karatasi hubaki pale ulipoiweka. Kenya walianza utaratibu huo wa picha mwaka 2011. Kuhusu kikomo, sababu yake ni kwamba hundi kubwa ikirudi bila fedha inaweza kuyumbisha hata benki iliyoipokea. Kwa hiyo nchi nyingi zimeamua malipo makubwa yasiende kwa hundi kabisa. Kenya walitangulia kuweka kikomo cha shilingi milioni moja za kwao, mwezi wa kumi mwaka 2009. Na kikomo hicho hakihusu hundi ya benki moja. Kama tajiri na sisi tungekuwa na akaunti katika benki ile ile, hundi yetu ya milioni 22 na nusu ingepita bila neno.

Tulitoka pale tukiwa na hasira ya namna nyingine. Kanuni yenyewe ina akili. Hatuwezi kusema kwamba Benki Kuu ilikaa kutunga njia ya kuwatesa wachuma chai. Lakini kanuni yenye akili isiyotangazwa kambini humfanyia mtu madhara yale yale ya kanuni mbaya. Mhasibu wa tajiri aliijua. Alikiri mbele yetu kwamba aliijua, ila hakufikiri kwamba inatuhusu.

Madai yetu yalianzia hapo. Katika mazungumzo ya mapatano ya pamoja ya mwaka uliofuata tulidai kifungu kimoja kifupi, kwamba fedha zote zinazokatwa katika mishahara zifike katika akaunti ya ushirika zikiwa kamili, na ada yoyote ya kuzifikisha ni juu ya tajiri. Wajumbe wake walicheka. Walisema wamekuja kuzungumza mishahara, sisi tunazungumza vijisenti. Tukawauliza, kama ni vijisenti mbona mnavikataa? Kifungu kilikubaliwa siku ya tatu. Hata hivyo zile 120,000 za riba ya dukani tulilipa wenyewe, na hatujarudishiwa mpaka leo.

Sasa tuzungumze habari ya fedha taslimu, kwa maana huko ndiko wanakoumia wale wadogo zaidi.

Vibarua hawamo katika makato ya ofisi. Wanaingia msimu wa chai nyingi na kutoka msimu wa ukavu. Lakini nao hufa na kufiwa, kwa hiyo tuliwafungulia mlango wa mfuko wa maziko kwa kuchangia shilingi 1,000 kwa mwezi mkononi. Wapatao 300 huchangia. Michango hiyo huja kwa sarafu za 500 na za 200, na noti ndogo zilizokunjwa mara nane zikanuka jasho. Mweka hazina huzibeba katika mkoba wa turubai, akapanda gari la abiria, akapanga mstari. Mwaka 2018 alikuta tangazo limebandikwa mlangoni. Kuanzia siku ile sarafu zipokelewe asubuhi tu, zikiwa zimehesabiwa na kufungwa katika mifuko ya aina moja moja. Mwenye kuweka fedha aonyeshe kitambulisho cha taifa na aandike zimetoka wapi. Na kiasi kidogo kisiletwe dirishani bali kipelekwe kwa wakala wa benki. Mawakala hao walikuwa wapya nchini mwetu, kanuni zilizowaruhusu zilitoka mwaka 2017.

Wakala tuliyepewa ana kibanda karibu na stendi. Anauza sabuni na vocha. Alipoona mkoba alisema sarafu hapokei, atazipeleka wapi? Mweka hazina alirudi benki, benki ikamrudisha kwa wakala. Saa kumi gari la mwisho linaondoka. Akarudi kambini na mkoba wake, na usiku ule mke wake hakulala kwa kuogopa wezi.

Suala la kuulizwa fedha zimetoka wapi lilitukera kuliko yote. Tunajua kwamba Uganda ilitunga sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha mwaka 2013, na kwamba kuna wakubwa wanaopitisha benki fedha zisizo na baba. Sheria ile inataka benki ziandike taarifa za fedha taslimu zinazozidi shilingi milioni 20. Sisi tulikuwa na 300,000 za sarafu. Mweka hazina aliandika katika fomu, "Zimetoka kwa vibarua 300, kwa ajili ya kuzikana." Karani alisoma, akanyamaza, akagonga muhuri.

Hapo tuseme neno moja kwa haki. Karani wa benki si adui yetu. Ni mfanyakazi aliyepewa tangazo na kuambiwa abandike, na akikosea hesabu hukatwa mshahara wake. Tumewaona wenzetu wakimtukana dirishani kwa kanuni ambayo hakuitunga, na tabia hiyo tuiache. Tena si kila kanuni mpya ilikuja kutuumiza. Benki ilipotaka namba za simu za watia saini wote, tulinung'unika. Miezi michache baadaye simu ya mwenyekiti ililia ikionyesha fedha zilizowekwa ni pungufu ya zilizoandikwa katika daftari letu. Aliyetumwa siku hiyo alikuwa amejikopesha njiani. Bila ujumbe ule tungejua mwisho wa mwaka, au tusingejua kabisa. Aliandika barua ya kukiri, akalipa, hatutamtaja.

Na tujilaumu pia katika jambo la saini. Tulifanya uchaguzi wa tawi, tukawatoa watia saini wawili kati ya watatu, tukaimba na kupiga makofi. Hakuna aliyekumbuka benki. Wapya walipokwenda kutoa fedha waliambiwa walete muhtasari wa kikao wenye muhuri, barua ya makao makuu, picha mbili mbili na vitambulisho. Mmoja wao kitambulisho chake kilikuwa na jina lililoandikwa tofauti na la kwenye daftari la tawi, herufi moja tu imezidi. Ilichukua wiki sita. Muda wote huo tulikuwa na fedha lakini hatukuwa na saini, kama mtu mwenye sanduku la nguo aliyepoteza ufunguo akatembea na viraka.

Wakati tukihangaika na sarafu, mishahara yenyewe ikahamia katika simu. Tajiri alisema ni salama na ni haraka. Wachumaji wengi walikubali, kwa kuwa kwenda mjini kupanga mstari benki ni siku nzima ya kazi iliyopotea. Kisha tarehe 1 Julai 2018 ikaja kodi ya serikali, asilimia 1 ya fedha zinazopita katika simu, juu ya ada ya kampuni yenyewe. Mama aliyechuma chai mwezi mzima akapata shilingi 130,000, kodi ilimkata 1,300 kabla hajanunua chumvi. Hiyo inazidi mchango wake wa mwezi wa mfuko wa maziko. Kelele zilikuwa nyingi nchi nzima, na kabla mwaka kwisha Bunge liliipunguza iwe asilimia 0.5, nayo kwa kutoa tu. Mnafuu ulikuwepo. Lakini mchuma chai ni nani asiyetoa? Duka la kambini linataka taslimu, shule inataka taslimu, mwenye nyumba anataka taslimu. Mwenye fedha nyingi anaweza kuziacha zikae ndani ya simu au benki zisiguswe na kodi. Wetu hutoa zote siku ile ile.

Tulipouliza nani aliulizwa kabla ya mishahara kuhamishwa, hatukupata jibu. Ipo Mapatano ya Shirika la Kazi Duniani namba 95 ya mwaka 1949, juu ya kulinda mishahara. Yanasema mshahara wa fedha ulipwe kwa fedha halali ya nchi, na kwamba hundi au njia za namna hiyo zinaweza kuruhusiwa pale ilipo desturi au lazima, au mapatano ya pamoja yakikubali, au mfanyakazi mwenyewe akiridhia. Yanasema pia mshahara wa taslimu ulipwe siku ya kazi, kazini au karibu na kazini. Wakati ule hapakuwa na simu za mkononi, lakini maana yake ni ile ile. Tajiri hana ruhusa ya kuchagua peke yake mlango ambao jasho letu litapitia.

Vijana wetu hushangaa kwa nini wazee bado wanaficha fedha katika makopo. Waulizeni walioishi mwezi wa tano mwaka 1987. Serikali ilibadilisha shilingi, sufuri mbili zikaondolewa, na juu yake ikakatwa asilimia 30. Mtu aliyepeleka shilingi 10,000 za zamani zilikuwa 100 mpya, akarudi nyumbani na 70. Mzee wetu mmoja alikuwa ameuza ng'ombe wiki mbili kabla. Wenzetu waliotoka Kongo wana yao. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1979, Zaire ya Mobutu ilifuta noti za zaire 5 na 10 ghafla, ikatoa siku chache na kumwekea kila mtu kiasi cha kubadilisha. Walioishi mbali na benki walibaki na karatasi za kuwashia moto.

Msidhani hayo ni ya zamani tu. Kwa jirani zetu wa Kenya, tarehe 1 Juni 2019, ilitangazwa kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 itakufa ifikapo tarehe 1 Oktoba. Walipewa miezi minne, si haba. Lakini hapa kwetu Benki Kuu ya Uganda ilisimamisha kuzipokea noti hizo, Tanzania nao vivyo hivyo. Waganda waliofanya kibarua ng'ambo ya Busia wakarudi nazo walilazimika kuvuka mpaka tena au kuziuza kwa hasara kwa wabadilishaji wa njiani. Mwisho zaidi ya noti milioni 7 hazikurudi Benki Kuu ya Kenya. Tunakubali kwamba nyingi huenda zilikuwa za wezi wakubwa waliogopa kuulizwa, na hao hatuwalilii. Burundi ilikuwa kali zaidi. Tarehe 7 Juni 2023 Benki Kuu yao ilitangaza kubadilisha noti za faranga 5,000 na 10,000, na watu wakapewa siku 10 kuzipeleka benki. Siku 10! Mchumaji wa mlimani ambaye hana akaunti, na benki iko mbali, na mnyapara hampi ruhusa, siku hizo kumi kwake ni ngapi?

Ndiyo maana katika mazungumzo ya sasa tumeweka dai ambalo wengine wanaliona dogo. Tunataka ikitangazwa kanuni yoyote ya fedha yenye mwisho wa siku, kila mfanyakazi apewe siku moja yenye malipo ya kwenda kushughulikia fedha zake, zamu kwa zamu ili kiwanda kisisimame. Tunataka pia anayetaka kulipwa taslimu abaki na haki hiyo, na anayelipwa kwa simu aongezewe ada ya kutolea. La kwanza tajiri amesema atalifikiria. La pili amekubali kwa wafanyakazi wa kudumu, vibarua amewakataa. Tumekataa nasi kutia saini kwa nusu.

Kuhusu benki, tumepata mambo mawili. Meneja amekubali kila tangazo jipya litumwe kwa katibu wa tawi kwa maandishi kabla halijaanza kutumika, na sisi tunalisoma kambini siku ya mizani, kwa Kiswahili na kwa Kitoro. Na sarafu zetu zinapokelewa dirishani Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa tatu hadi saa tano. Kuna meneja mpya amekuja hivi karibuni. Ahadi ya yule wa kwanza ilikuwa ya mdomo, kwa hiyo tumemwandikia huyu barua, nakala tatu, na mweka hazina anangoja muhuri wa kupokelewa.

Yule mjane wa fundi wa boila bado yuko kambini, sasa anachuma chai yeye mwenyewe. Mafao ya marehemu mumewe yaliandikwa kwa hundi yenye jina la marehemu, akarudishwa benki mara nne. Mara ya tano tulikwenda naye pamoja na karatasi ya mahakama, hundi ikaandikwa upya kwa jina lake. Alifungua akaunti kwa kidole gumba.

Tunayaomba matawi yaliyopokea kutoka benki matangazo ya kubadilisha kanuni za kuweka taslimu au hundi yatupelekee nakala, pamoja na tarehe yalipobandikwa na tarehe yalipoanza kutumika. Matawi yaliyokwisha kuingiza kifungu cha ada katika mapatano ya pamoja yatuandikie maneno ya kifungu chenyewe kama yalivyo. Tunataka kuwa na karatasi hizo mezani kabla ya kikao chetu kijacho na tajiri.